UZI: Sayari ndogo kutoka picha za Mombasa, na kwa nini nasema anza na sakafu

Jicho la Kibokoni (mwanzilishi wa uzi)

Asalam aleikum wanabaraza. Tangu niweke hapa barazani ile picha ya ufukwe wa Mama Ngina, ile ambayo mibuyu imeizunguka dunia ndogo ya nyasi kama miiba ya shokishoki, nimeulizwa maswali mengi kuliko ninavyoweza kujibu mmoja mmoja faraghani. Basi naandika yote hapa, na anayejua zaidi anikosoe.

Kwanza tuelewane sayari ndogo ni kitu gani. Unapiga picha za pande zote ukiwa mahali pamoja: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu mbinguni na chini miguuni. Programu inaziunga zikawa picha moja ndefu ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo chake, yaani nyuzi 360 za mzunguko kwa nyuzi 180 za kutoka chini hadi utosini. Ule mstari wa chini kabisa una maelfu ya pikseli, lakini kwa kweli wote ni nukta moja tu, pale uliposimama. Ukiikunja picha hiyo mwanzo ukakutana na mwisho, na ule mstari wa chini ukaukusanya katikati, ardhi inakuwa mpira, nyumba na minazi zinasimama kuuzunguka, na mbingu inabaki nje. Aliyewahi kumuona bibi yake akishona kawa atanielewa haraka: ukili ulionyooka, ukianza kuuzungusha kwenye nukta moja, wageuka duara.

Sasa jambo ambalo nalisema kwa nguvu, maana lilinichukua miezi kulijua. Sayari yako ni sakafu yako. Kila kilicho chini ya upeo wa macho ndicho kinachokuwa mpira wenyewe. Watu wanahangaika na programu, na kamera, na jengo refu la kupiga, halafu wanasimama popote. Mimi pia nilianza hivyo. Nilikwenda vichochoro vya Mji wa Kale kwa sababu ya milango ya nakshi na roshani za mbao, nikadhani nitapata sayari yenye milango ikiizunguka. Kichochoro kina upana wa hatua tatu. Nilichopata ni ukanda mwembamba wa saruji wenye mtaro, na pande mbili kuta zimechomoza kama majembe, milango imevutika hata nakshi hazisomeki. Nakshi ni za kutazamwa ana kwa ana. Hapa hazina nafasi.

Kisha nikaenda Makadara asubuhi moja, uwanja mtupu, nikasimama katikati pasipo na kitu. Mpira ukatoka mviringo safi. Tofauti haikuwa kamera. Ilikuwa nyasi.

Kwa hiyo kabla hujatoa simu mfukoni, tazama chini. Je, ardhi ni ya namna moja kwa hatua saba nane kila upande? Je, ina alama ya kupendeza: mchanga wenye mikunjo ya maji, matofali ya sakafu yaliyopangwa, majani ya mwembe yaliyoanguka? Kisha ndipo utazame kando: vitu virefu viko mbali kiasi, na vimekaa pande zote au upande mmoja tu? Mmoja tu pia ni sawa. Mnazi mmoja juu ya sayari ya mchanga ni picha nzuri kuliko maghorofa ishirini yanayogombania nafasi.

Nitaendelea na namna ya kupiga baada ya isha, inshallah.

Kijana wa Changamwe

Maashallah kaka. Swali la haraka: mimi nina simu ya kawaida, ile panorama yake ya kuburuta haitoshi?

Jicho la Kibokoni

Yatosha kwa kujifunzia, kakangu. Lakini simu nyingi hazifikishi mzunguko mzima, na ardhi iliyo miguuni haimo kabisa kwenye picha. Ukiikunja, katikati unapata mistari kama ya gurudumu la baiskeli. Ukitaka kujaribu hivyo, simama ufukweni ambako chini ni mchanga mtupu na juu ni anga tupu, maana vitu vya rangi moja vikivutwa havionyeshi aibu.

Ile programu ya Street View ya Google iliyokuwa ikikuongoza kwa nukta ndogo kwenye kioo kupiga pande zote ilisimamishwa mwaka 2023. Niliipenda sana. Siku hizi napiga moja moja kwa mkono na kuunga nyumbani kwa Hugin, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure.

Jicho la Kibokoni

Narudi kama nilivyoahidi.

Adui wa kwanza ni kuhama kwa jicho. Fumba jicho moja, nyoosha kidole gumba mbele ya nguzo ya stima, kisha sogeza kichwa kidogo kushoto. Kidole kimehama, nguzo haikuhama. Simu yako ikihama namna hiyo kati ya picha na picha, vitu vya karibu havitakutana na vitu vya mbali, na programu haiwezi kuvilazimisha. Watu wengi husimama wakazunguka wao, simu ikiwa mbele kwa urefu wa mkono. Hapo lenzi inachora duara la karibu mita nzima. Inatakiwa kinyume chake: lenzi ikae palepale hewani, wewe ndiye uizunguke.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Mjomba wangu ni muashi, na timazi lake la zamani, lile la shaba lenye ncha, lilikuwa limelala stoo. Nimelifunga uzi wa kuvulia, ule mzito, na ncha ya juu ya uzi nimeinasa kwa mpira wa kufungia pesa kwenye simu, karibu kabisa na lenzi. Chini naweka kifuniko cha soda. Uzi umenyooka, ncha ya timazi iko upana wa kidole juu ya kifuniko, haigusi. Nikigeuka nyuzi 30, natazama chini: ncha ikiwa bado juu ya kifuniko, napiga. Ikiwa imehama, nangoja itulie. Upepo wa kusi ukivuma timazi linayumba, basi nalisubiri kama anavyolisubiri fundi ukutani. Kwa njia hiyo nimeunga picha za uani zenye ngazi na mitungi ya karibu bila mshono kuonekana, na sina stendi yoyote.

Hesabu ya picha: simu ikiwa wima, lenzi ya kawaida (si ile pana) inaona takriban nyuzi 50 kwa upana. Ukipiga kila baada ya nyuzi 30, picha mbili jirani zinashirikiana vya kutosha programu ipate pa kushikia. Hiyo ni picha 12 kwa mzunguko wa usawa wa macho. Ukiinamisha simu kiasi cha nyuzi 50, mzunguko ni mdogo, picha 8 zatosha. Ukiinua vivyo hivyo, nyingine 8. Kisha moja au mbili za chini kabisa na za juu kabisa. Jumla kama 30. Mimi nimeizoea, nachukua dakika sita hivi.

Kabla ya ya kwanza, shikilia kidole kwenye kioo mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Usipofunga, simu itang'arisha upande wa kivuli na kufifisha upande wa jua, na sayari yako itakuwa na mbingu ya viraka.

Na kianzio: mimi huanza kuelekea kibla. Si kwa baraka peke yake. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, 39.8 na 39.7 mashariki, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, na kila mtu hapa anakijua bila dira. Nikianzia hapo kila mara, najua ncha mbili za picha ndefu zitakutania wapi, na nausogeza mshono huo nyuma yangu ambako huwa nachagua pasiwe na kitu kigumu. Nyumbani, kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, naisogeza picha nusu ya upana wake ili mshono uje katikati niuone, nauziba, ndipo nakunja.

Nahodha wa Tudor

Nyongeza ya jua na maji, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri lapita utosini kabisa. Ukipiga saa sita hiyo, kivuli chako kiko miguuni, na miguuni ndiyo katikati ya sayari, basi dunia yako yote imesimama juu ya doa jeusi. Asubuhi saa moja na nusu kivuli ni kirefu, lakini kinalala upande mmoja, wajua kilipo. Piga pande zote, kisha upande wa kivuli upige tena ukiwa umesimama kando, na uchague.

Bahari: maji yakijaa mawimbi yanabadilika kati ya picha na picha, na mstari wa povu hauungiki. Ngoja bamvua, maji yapwe kabisa. Nyali wakati huo maji yanakwenda mbali, wabaki mchanga ulioachwa na mikunjo midogo kama kitambaa cha shashi. Ile mikunjo ikikunjwa kuwa mpira, wallahi nimeona picha za watu wa nje za theluji na majangwa, sijaona ya kuishinda. Maji yanarudi haraka, na bamvua hapa yapanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo angalia jedwali la maji, usinaswe mwambani na simu mkononi.

Maalim wa Hesabu

Nimefurahi kuuona uzi huu. Ningependa kusahihisha jambo moja ambalo kila mwongozo wa intaneti hulipita mbio.

Kuna kukunja kwa namna mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni ile chujio (filter) ya GIMP au Photoshop inayogeuza picha ya mstatili kuwa ya duara. Inapima umbali kutoka katikati kwa hatua zilizo sawa: kila digrii moja ya kupanda inapata upana uleule. Ni sawa na ramani iliyo kwenye bendera ya Umoja wa Mataifa, ile yenye ncha ya kaskazini katikati. Tazameni Afrika ya kusini kwenye bendera hiyo, ilivyonenepa. Sayari zenu zanenepa vilevile. Kwenye upeo wa macho, upana wa kitu unavutwa mara 1.57 (nusu ya pai) huku kimo kikibaki kilivyo. Mnazi unakuwa mpapai, na msikiti wenye mnara mwembamba unapata mnara wa tangi la maji.

Ya pili inaitwa stiriografia. Jina hilo alilitoa François d'Aguilon mwaka 1613, lakini njia yenyewe ni ya kale. Ptolemy aliiandikia kitabu katika karne ya 2, na kitabu hicho kimetufikia kupitia tafsiri ya Kiarabu. Ndiyo hesabu iliyochorwa juu ya asturlabu, chombo ambacho wanajimu wa Kiislamu walisomea nyota na saa za sala. Sifa yake ni mbili: pembe hazibadiliki, na duara hubaki duara. Upana na kimo cha kitu kidogo huongezeka pamoja, basi mnazi unabaki mnazi, ila unakua kadiri unavyopanda juu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi kwa wanaopiga kwa mkono. Ukiwa umeinama kidogo, upeo wa bahari kwenye picha ndefu unatoka kama wimbi. Ukikunja kwa njia ya kwanza, unapata yai. Ukikunja kwa stiriografia, upeo ule unabaki duara kamili, umehama tu kutoka katikati.

Kijana wa Changamwe

Maalim, shikamoo. Sasa mimi wa kawaida nifanye ipi na nibonyeze wapi?

Maalim wa Hesabu

Marahaba mwanangu. Kwenye Hugin, baada ya kuunga, fungua dirisha la kuonea panorama, chagua projeksheni (namna ya kukunja) ya stiriografia, kisha zungusha picha nyuzi 90 kwa kuinamisha. Ikija ardhi katikati, umepata. Ikija mbingu katikati na nyumba zikiwa zimeizunguka kama mdomo wa kisima, umeinamisha upande wa pili, badilisha 90 iwe -90, au kinyume chake. Uwanda wa kuona, yaani kiasi cha mandhari kinachoingia kwenye picha, anza na nyuzi 270 hivi, uongeze au upunguze kwa jicho. Nyuzi 360 kamili haiwezekani, kwani nukta ya utosini inakwenda kusikokuwa na mwisho.

Jicho la Kibokoni

Maalim, ahsante sana, na ile 1.57 sikuijua. Nilikuwa naona mibuyu yangu minene nikasema ni kawaida ya mbuyu.

Kwa wenye GIMP peke yake, ili wasikate tamaa: badilisha kwanza vipimo vya picha iwe mraba bila kujali uwiano, kisha chujio ya duara, na ile alama ya kuanzia juu uiondoe, ndipo mstari wa chini ukae katikati. Kwenye Photoshop ni kinyume, mstari wa juu ndio unaokwenda katikati, basi pindua picha kwanza juu chini. Nusu ya maswali niliyopokea ni hilo tu.

Mtu wa Bandari

Mimi nilijaribu Pembe za Ndovu, Moi Avenue, nikasimama kwenye ukanda wa katikati. Pembe zilitoka vizuri mno, zimeipinda dunia kama mikono. Tatizo ni tuktuk. Nina tuktuk yenye gurudumu moja, na matatu iliyokatika kiunoni. Na mwanamke mmoja mwenye buibui yuko mara tatu.

Jicho la Kibokoni

Hapo dawa ni kupiga kila upande mara mbili au tatu, ukingoja gari lipite. Kisha kwenye Hugin kuna sehemu ya barakoa: unachora mstari kuizunguka nusu ya tuktuk kwenye picha moja, unaiambia isiitumie, nayo inachukua mahali hapo kutoka picha jirani. Tuktuk itakuwa nzima au haitakuwapo. Yule mama mbakize mara moja, mwenye uso umeelekea kwingine. Na ukiwa katikati ya barabara, tafadhali, mwenzako asimame akulindie mgongo. Kwenye kivuko cha Likoni usitoe kamera kabisa, utaulizwa maswali.

Mtu wa Bandari

Je, kamera zile za mviringo zenye lenzi mbili? Na droni?

Jicho la Kibokoni

Kamera ya lenzi mbili inapiga yote kwa mara moja, basi penye watu wengi haina mpinzani: soko la Kongowea asubuhi huwezi kulipiga picha 30. Ila kitu kilicho karibu nayo sana, pale lenzi mbili zinapokutana, huwa kinakatika. Droni inataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na mimi sina haja nayo. Ukipanda juu sakafu inakuwa mapaa ya mabati, na mtu anayetazama hajui tena ulisimama wapi.

Jambo la kuchapisha, kabla sijasahau, maana lilinigharimu. Nilipeleka sayari ya Makadara kwa mchapishaji mmoja mjini, ilikuwa imetoka kwenye panorama ya pikseli 3000 tu kwa upana. Ikatoka na ukungu, na pesa imekwisha lipwa. Tangu hapo naunga kwa pikseli 8000 kwa 4000. Hapo napata mraba wa 4000, ambao kwa nukta 300 kwa inchi unachapika karibu sentimita 34 kila upande, wa kutosha ukuta wa sebule.

Bi Uani

Nimesoma uzi huu wote jana usiku na leo alfajiri nimejaribu, kwa hivyo naomba niwaeleze.

Sikwenda popote. Kaka Jicho amesema sakafu, basi nikatazama sakafu niliyonayo. Uani kwetu ni saruji ya zamani, nyekundu, mama huifagia kila asubuhi kwa ufagio wa njukuti na mistari ya ufagio hubaki. Sikuwa na timazi, nikafunga kufuli la sanduku kwa uzi wa kushonea. Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamwomba akae palepale asiinuke mpaka nimalize, akasema sawa lakini mahamri yakichacha kupita kiasi nitayala mwenyewe.

Picha 31. Nimeunga kwa Hugin, stiriografia kama alivyoagiza Maalim.

Ile mistari ya ufagio imekuwa pete, moja nje ya nyingine, hadi ukingoni. Kifuniko cha soda kiko katikati, sikukitoa. Mama amekaa juu ya mbuzi upande wa kulia, amechomoza juu ya dunia nyekundu, kifuu mkononi, na unga wa nazi mweupe umemwagika kidogo kwenye sinia. Mlango wa jikoni upande wa pili, pipa la maji, ndoo tatu, mpapai. Juu yake yote kamba ya nguo na khanga zimetandaa mbinguni. Nimemwonyesha mama kwenye simu, akaizungusha simu pole pole kama usukani akitazama kila upande, akauliza, "Na paka yuko wapi? Alikuwa hapa."

Kuna makosa mawili. Kamba ya nguo imekatika mahali pawili, na khanga moja ina maandishi yaliyojirudia. Nifanyeje?

Jicho la Kibokoni

Dadangu, hongera, nimeisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Kamba imekatika kwa sababu iko karibu na lenzi na kufuli ni jepesi, limeyumba. Tafuta kitu kizito zaidi, hata jiwe la mizani. Kwa picha hii usirudie yote: kwenye Hugin ongeza wewe mwenyewe nukta za kushikia, yaani alama za mahali pamoja kwenye picha mbili jirani, juu ya kamba, tatu au nne kila inapokatika, kisha uiambie ipange upya. Khanga ilipepea. Chagua picha moja yenye jina zima, picha jirani uichoree barakoa.

Kifuniko cha soda kiache hapo. Na itazame vizuri chini ya mbuzi, upande wa kivuli. Kuna mkia.